Nini Kinalindwa? Uhakiki wa Maandiko kuhusu Antioksidanti katika Chakula cha Kuku kwa Kuzingatia Ufugaji wa Mwanhuzi, Wilaya ya Meatu

1.0 Usuli

Maandiko kuhusu antioksidanti katika chakula cha kuku yana umri wa karne moja hivi. Antioksidanti ni viambata vinavyochelewesha au kukatiza mmenyuko baina ya mafuta na oksijeni, mmenyuko ule ule unaoyafanya mafuta ya kupikia yaliyokaa muda mrefu yakerekete koo. Mwaka 1922 Evans na Bishop walitambua kirutubisho ambacho baadaye kilipewa jina la vitamini E. Mwaka 1931 Pappenheimer na Goettsch walieleza maradhi ya ubongo yaliyowapata vifaranga waliolishwa mlo maalumu wa majaribio, maradhi ambayo baadaye yalihusishwa na ukosefu wa vitamini hiyo. Mwaka 1957 Schwarz na Foltz walionesha kwamba seleniamu, madini yaliyojulikana zaidi kwa sumu yake, ni kirutubisho cha lazima kikiwa katika kiwango kidogo sana. Katika hatua hiyo yote swali lilikuwa moja na halikuhitaji maelezo: je, kifaranga ataishi?

Kisha swali likahama. Tims na Watts (1958) walishughulikia nyama iliyopikwa na kuhifadhiwa kwenye jokofu, pamoja na harufu isiyopendeza inayojitokeza nyama hiyo inapopashwa moto tena. Tarladgis na wenzake (1960) walitoa njia ya kupima malondialdehaidi, yaani mabaki yanayoachwa na mafuta yaliyovunjwavunjwa na oksijeni. Kipimo kilipopatikana, kilivuta utafiti kukielekea. Kuku akaanza kutazamwa kama njia ya kupitishia kinga hadi kwenye nyama yake, na mafanikio ya kinga hiyo yakasomwa katika tarakimu za malondialdehaidi baada ya siku kadhaa za ubaridi.

Uhakiki huu haubishani na kemia hiyo, kwa kuwa kemia imethibitishwa mara nyingi. Unachokihoji ni namna maandiko yanavyoacha jambo moja la msingi bila kusemwa. Kila antioksidanti hulinda kitu fulani, mahali fulani, kwa muda fulani. Msomaji wa majarida ya kitaalamu huyajua mambo hayo matatu kutokana na mazoea ya taaluma yake. Mfugaji anayepokea matokeo hayo kwa Kiswahili, kupitia mwongozo wa ugani au maneno ya muuzaji wa pembejeo, hapewi hata moja, na neno analopewa badala yake linampeleka kusikofaa.

Mwanhuzi ni makao makuu ya Wilaya ya Meatu katika Mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ni eneo la wakulima wa pamba na mtama na wafugaji wa ng'ombe, lenye mvua chache na kiangazi kirefu. Kuku, ambaye Msukuma humwita ngoko, yupo katika takriban kila kaya, hutafuta chakula chake mwenyewe na huuzwa akiwa hai. Mahali hapa pamechaguliwa kuwa kipimo cha uhakiki kwa sababu mbili. Mambo mengi ambayo tafiti huyachukulia kuwa yapo, hapa hayapo au ni nadra: chakula kilichosawazishwa kiwandani, machinjio ya kisasa, mnyororo wa ubaridi. Na mambo ambayo tafiti huyagusa kwa pembeni, hapa ndiyo yaliyo katikati: mashudu ya pamba, tanini ya mtama mwekundu, dagaa waliokaushwa juani na gunia lililokaa kwenye joto.

Mwongozo wa nadharia umetoka kwa Hans Vermeer, ambaye tangu mwaka 1978 alitetea mtazamo wa Skopos kwamba tafsiri ipimwe kwa lengo inalolitimiza kwa mpokeaji wake. Kwa kawaida nadharia hii hutumiwa kuhakiki tafsiri za tamthiliya, matangazo na nyaraka za utalii. Hapa inatumiwa kwa upana zaidi: utafiti wa lishe ya kuku unapofika Mwanhuzi kwa Kiswahili, nao ni matini iliyotafsiriwa, hata kama hakuna mtu aliyeketi na kuifasiri sentensi kwa sentensi.

2.0 Ubora wa jokofu

Mfano unaofaa kusomwa kwa makini ni utafiti wa Botsoglou na wenzake (2002), uliochapishwa katika jarida la Uingereza la sayansi ya kuku na ukanukuliwa mara nyingi na watafiti wa mimea yenye antioksidanti. Watafiti hao waliwalisha kuku wa nyama wa aina ya Cobb, kwa siku 38, chakula kilichoongezwa mafuta ya mmea wa oregano kwa kiwango cha miligramu 50 au 100 kwa kila kilo ya chakula. Kundi jingine lilipewa vitamini E katika umbo la asetati kwa kiwango cha miligramu 200 kwa kilo. Baada ya kuchinja, sampuli za kidari, paja na mafuta ya tumboni zilichochewa kwa chuma ili zioksidike haraka, kisha zikapimwa. Malondialdehaidi ilipungua kadiri mafuta ya oregano yalivyoongezwa, lakini vitamini E ilikinga vizuri zaidi kuliko viwango vyote viwili vya oregano. Ukuaji wa kuku haukubadilika.

Wanaoinukuu kazi hiyo kwa kawaida huchukua matokeo ya kwanza na kuyaacha ya mwisho. Yapo pia matokeo ya kati ambayo hayajapewa uzito unaostahili: paja lilioksidika kuliko kidari, ilhali lilikuwa na vitamini E nyingi kuliko kidari. Jambo hilo linapingana na mantiki sahili ya kwamba antioksidanti ikizidi, nyama huwa salama zaidi. Paja lina mafuta mengi na chuma kingi, kwa hiyo lina vitu vingi vya kulindwa na vichocheo vingi vya uharibifu. Kinga haiwezi kukadiriwa kabla ya kujulikana kinachokingwa. Utafiti wenyewe umebeba hoja hiyo ndani ya tarakimu zake, ila haukuitamka. (Firigisi, ambayo mezani pa familia nyingi za Kitanzania ina mwenyewe anayejulikana, haimo miongoni mwa sampuli.)

Dhana ya ubora inayojengwa na tafiti za aina hii ina sura mahususi. Nyama bora ni ile isiyodondosha maji mengi, inayobaki na rangi yake kwenye kifungashio, inayokatika kwa nguvu ndogo kwenye mashine ya kupimia ulaini, na ambayo malondialdehaidi yake imebaki chini baada ya siku tatu, sita au tisa za ubaridi. Vigezo hivi vina mantiki kamili kwa nyama inayochinjwa leo katika mji mmoja na kununuliwa wiki ijayo katika mji mwingine. Ni ubora wa jokofu, na jokofu ndilo mnunuzi wa kwanza wa nyama hiyo.

Mwanhuzi hali ni nyingine. Kuku wa kienyeji huchinjwa asubuhi akaliwa mchana, au huchinjwa jioni mgeni akiwa ameketi. Nyama yake huhifadhiwa kwa njia ya kale na yenye ufanisi, nayo ni kumwacha kuku akiwa hai. Baina ya kisu na sufuria hupita muda mfupi mno kwa oksijeni kuleta madhara ambayo mlaji atayatambua. Ulaini nao, unaohesabiwa kuwa sifa katika majarida, kwa mlaji wa kuku wa kienyeji unakaribia kuwa kasoro. Nyama ya kuku wa kienyeji husifiwa kwa ugumu wake wa wastani na utamu wa mchuzi wake, na sokoni kwa kawaida hupata bei ya juu kuliko ya kuku wa kisasa kwa sababu hizo hizo. Mashine ingesoma nguvu kubwa ya kukata na kuandika ubora hafifu. Mlaji angeomba kuongezewa.

Kuna suala la kiasi pia, na hapa hesabu ndogo inatosha. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani (1994) liliweka mahitaji ya vitamini E kwa kuku wa nyama kuwa yuniti 10 za kimataifa kwa kilo ya chakula. Kwa asetati ya kawaida ya viwandani, miligramu 1 ni sawa na yuniti 1. Kiwango cha miligramu 200 kinachotumiwa mara nyingi kukinga nyama ni mara 20 ya mahitaji hayo. Kuku mwenyewe hahitaji ziada hiyo ili akue. Inawekwa kwa ajili ya rafu ya duka. Morrissey na wenzake (1997) waliongeza sharti la muda, kwamba kiwango hicho kitolewe kwa wiki 4 angalau mfululizo kabla ya kuchinja ndipo nyama ikingike ipasavyo. Linganisha na desturi iliyozoeleka ya kuwapa kuku vitamini ya unga ndani ya maji ya kunywa kwa siku chache baada ya chanjo ya mdondo au wakati wa joto kali. Desturi hiyo inaweza kuwa na manufaa yake kwa kuku mwenyewe, lakini haina uhusiano na ubora wa nyama unaozungumzwa katika majarida, na mwongozo unaoziweka faida zote mbili katika orodha moja unapotosha.

Haisemwi hapa kwamba ubora wa jokofu hautafika Mwanhuzi. Kuku chotara wa Kuroiler na Sasso, waliofanyiwa majaribio nchini Tanzania chini ya mradi wa kuboresha kuku wa Afrika ulioongozwa na taasisi ya kimataifa ya ILRI, wanaenea vijijini, na ufugaji wa chotara hutegemea zaidi chakula cha kununua. Siku kuku watakapochinjwa kwa mkupuo na kugandishwa, swali la mwaka 1958 litakuwa swali la Meatu. Kwa sasa bado.

3.0 Gunia na tenga

Ikiwa nyama haikai muda wa kutosha kuharibika, oksijeni inafanya kazi yake wapi? Mahali pa kwanza ni ndani ya gunia.

Mfugaji wa Mwanhuzi anayechanganya chakula mwenyewe hutegemea pumba za mahindi, mtama, mashudu na dagaa. Kila kimoja kati ya hivyo kina tatizo lake la mafuta. Pumba hubeba kiini cha mbegu, penye mafuta mengi ya mahindi. Mashudu hubaki na mafuta ambayo mashine ya kukamulia haikuyamaliza, na mashine ndogo huacha mengi. Dagaa wa Ziwa Viktoria wana mafuta ya aina inayooksidika upesi kuliko yote yaliyotajwa, nao hukaushwa juani, wakiwa wazi kwa mwanga, joto na hewa kwa pamoja. Uharibifu wa mafuta ya samaki si jambo dogo: unga wa samaki huweza kujipasha joto kwa oksidishaji hadi kuwaka wenyewe, na ndiyo sababu kanuni za kimataifa za usafirishaji baharini zinataka uwekewe antioksidanti kabla ya kupakiwa melini. Gunia la dagaa lililoegemezwa ukutani chini ya bati haliwaki, lakini mmenyuko ni ule ule ukienda polepole.

Kuku akila chakula hicho, hasara ni mbili. Mafuta yaliyooksidika yamekwisha kuharibu vitamini E ya asili iliyokuwa kwenye nafaka na mashudu, hivyo kuku hapati kinga. Papo hapo anaingiza mwilini viini vya oksidishaji vinavyoitumia kinga aliyobaki nayo. Maradhi ya ubongo ya vifaranga yanayohusishwa na ukosefu wa vitamini E huchochewa na mafuta ya aina hiyo. Kwa maneno mengine, swali la awali la kama kifaranga ataishi, ambalo majarida yamekwisha kulivuka, Mwanhuzi bado lipo kwenye gunia.

Hapa ndipo ukimya wa maandiko unapokuwa na gharama. Antioksidanti zinazowekwa kwenye chakula ni za makundi mawili yenye kazi tofauti, na maandiko mengi huyataja kwa pumzi moja. Kundi la kwanza ni la viambata kama BHT, BHA na ethoksikwini, vinavyokinga chakula chenyewe kabla hakijaliwa. Umoja wa Ulaya ulisitisha idhini ya ethoksikwini mwaka 2017 baada ya ushahidi wa usalama wake kuonekana hautoshi, hatua iliyozidisha hamu ya watafiti kwa mimea kama oregano na mrozimari. Kundi la pili ni la vitamini E ya asetati na seleniamu, zinazofanya kazi ndani ya mwili wa kuku. Asetati ya vitamini E haina uwezo wa kukinga chochote ikiwa kwenye gunia. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi: sehemu ya molekuli inayopambana na oksijeni imefungwa ili isichakae ghalani, na hufunguliwa na vimeng'enya vya utumbo. Mfugaji anayenyunyiza vitamini juu ya dagaa walioanza kutoa harufu, akiamini anawaokoa, amefanya jambo ambalo kwa kemia haliwezekani, na hakuna andiko lililomwambia kwamba haliwezekani.

Mahali pa pili ni ndani ya tenga. Kuku wa kienyeji wa mikoa ya kati na ya Kanda ya Ziwa husafirishwa wakiwa hai hadi miji mikubwa, ikiwemo Dar es Salaam, wakiwa wamebanana matengani juu ya mabasi na malori. Kuku hatoki jasho. Hupoza mwili kwa kuhema. Joto, kiu na msongamano huongeza oksidishaji katika misuli akiwa bado hai, na athari hizo huonekana baadaye katika nyama. Tafiti za dhiki ya joto ni nyingi, na baadhi yake zimejaribu vitamini E na C kama ahueni. Hata hivyo, jaribio la chumba chenye joto lililodhibitiwa na safari ya mchana na usiku ni matini mbili tofauti, na haifai kuisoma moja kana kwamba ndiyo nyingine. Maji ya kunywa kabla ya kupakia, nafasi ndani ya tenga na kusafiri usiku pengine vina uzito kuliko kiambata chochote. Sharti la Morrissey la wiki 4 linaufanya ununuzi wa vitamini siku ya safari uwe wa matumaini zaidi kuliko wa faida.

Upande mwingine wa hoja ni kwamba kuku anayejitafutia chakula huwa amejipatia antioksidanti bila kununua. Majani mabichi yana vitamini E na karotenoidi; ndizo zinazokifanya kiini cha yai la kienyeji kuwa cha njano iliyokolea, tofauti na kiini cha kuku anayelishwa mahindi meupe. Chanzo hicho hufuata mvua. Baina ya Juni na Oktoba majani hukauka, na kuku hubaki na mchwa, mabaki ya nafaka na anachotupiwa. Tafiti za kuku wa banda hazina majira. Siku ya 38 ni siku ya 38 iwe masika au kiangazi. Kwa Meatu, kigezo kisichojua kiangazi kimekosa nusu ya habari.

Mlonge umetajwa mara nyingi kama jawabu la mahali kama hapa. Kazi ya Kakengi na wenzake (2007), iliyofanywa Tanzania, iliuchunguza unga wa majani ya mlonge kama mbadala wa mashudu ya alizeti kwa kuku wanaotaga. Ni kazi yenye thamani hasa kwa sababu ilianza na kinachopatikana nchini. Lakini iliuliza kuhusu protini na utagaji. Haikuuliza kuhusu nyama wala oksidishaji. Kuinukuu kama ushahidi kwamba mlonge huboresha nyama ya kuku ni kuipa jibu la swali ambalo haikuulizwa.

4.0 Neno na sumu yake

Katika maandiko ya Kiswahili ya lishe na afya, antioksidanti mara nyingi huitwa viondoa sumu. Neno hilo limeenea kwa sababu linaeleweka upesi, na kueleweka upesi ni sifa halali ya istilahi. Tatizo ni kwamba kinachoeleweka sicho.

Kwanza, kitenzi. Kuondoa hudai kwamba kitu kimekwisha kuwapo: huondolewa doa lililoingia, mwiba uliochoma, mpangaji aliyepanga. Antioksidanti kazi yake hutangulia. Mafuta yakishachacha hakuna kiambata kinachoyarudisha. Kitenzi kinachofaa ni kuzuia au kukinga, na tofauti hiyo kwa mfugaji ni tofauti ya siku ya kununua: kabla chakula hakijaharibika, au baada ya harufu kusikika. Mnyambuliko mmoja umebeba kosa la kiutendaji.

Pili, nomino. Sumu katika Kiswahili ni pana na nzito. Ni ya nyoka, ya panya, ya dawa ya kunyunyizia pamba. Tangu mwaka 2016, mlipuko wa ugonjwa uliotokana na mahindi yenye ukungu ulipoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, neno sumukuvu limeingia katika matangazo ya umma na vikao vya ugani. Ni istilahi nzuri. Imemfikia mtu wa kawaida. Lakini sasa katika lugha moja kuna sumukuvu kwenye mahindi na kuna viondoa sumu dukani. Mfugaji ambaye mahindi yake yameota ukungu na hayafai tena kwa ugali, akaamua kuwapa kuku, ana kila sababu ya kilugha ya kuamini kwamba pakiti ya vitamini itayasafisha. Haitayasafisha. Vitamini E haiiondoi sumukuvu kwenye mahindi. Viambata vinavyonasa sumu hiyo, kama udongo maalumu, ni bidhaa za jamii nyingine kabisa, na hata hivyo havihalalishi mahindi yaliyooza. Mazingira ya mpokeaji yakibadilika, lengo la neno nalo huweza kubadilika bila mwandishi kukusudia. Kwa mtazamo wa Vermeer, tafsiri ambayo ingepita mwaka 2000 imeharibika baada ya 2016 ingawa haikubadilishwa hata herufi.

Tatu, na hili ni la Meatu hasa, ipo antioksidanti ambayo yenyewe ni sumu. Mbegu ya pamba ina gosipoli, kiambata cha rangi ya njano ambacho uwezo wake wa kuzuia oksidishaji umejulikana tangu miaka ya 1940. Gosipoli hiyo hiyo hupunguza ukuaji wa kuku, huathiri moyo na ini kwa kiwango kikubwa, na hukigeuza kiini cha yai kuwa cha rangi ya kijani iliyofifia. Mashudu ya pamba ni malighafi ya asili katika wilaya inayoishi kwa pamba. Njia mojawapo iliyozoeleka ya kuidhibiti gosipoli ni kuongeza salfeti ya chuma, inayoifunga isifyonzwe mwilini. Na chuma, kama ilivyoonekana kwa Botsoglou, ndicho kichochezi cha oksidishaji. Mchanganyiko mmoja wa chakula waweza basi kuwa na antioksidanti iliyo sumu na kinga dhidi ya sumu iliyo kichochezi cha uharibifu. Neno viondoa sumu halina nafasi ya kuubeba ukweli huo. Tanini ya mtama mwekundu ni mfano wa upole zaidi wa jambo hilo hilo: katika bomba la majaribio huzuia oksidishaji, katika utumbo wa kuku hushikilia protini isimeng'enywe. Seleniamu nayo ina ukingo mwembamba. Mahitaji yaliyowekwa mwaka 1994 kwa kuku wa nyama ni miligramu 0.15 kwa kilo ya chakula, na kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa chakula kamili ni miligramu 0.5. Kijiko kimoja cha ziada katika debe dogo kinaweza kuuvuka ukingo huo, hasa kwa mtu anayeamini kwamba anaongeza kiondoa sumu.

Istilahi vizuia oksidishaji ni sahihi, na ndiyo inayofaa katika matini za kitaaluma. Mapungufu yake ni kwamba humtaka msomaji aujue uoksidishaji kwanza. Kukopa na kutohoa kuwa antioksidanti, kama ilivyofanywa katika uhakiki huu, huepuka kosa lakini hakufundishi. Kuna njia ya tatu isiyojaribiwa vya kutosha, nayo ni kukitaja kiambata kwa kitu kinachokilinda: kinga ya mafuta ya chakula kwa kundi la BHT, na kinga ya mwili na nyama kwa vitamini E na seleniamu. Majina haya ni marefu na yanakosa umbo la istilahi moja inayoweza kuingizwa katika kamusi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lenye dhamana ya kusanifisha, lingekuwa na haki ya kuyakataa kwa kigezo cha ufupi. Kwa lebo na miongozo, hata hivyo, urefu huo unalipa, kwa kuwa mfugaji anayesoma kinga ya mwili na nyama hataimwaga kwenye gunia la dagaa.

Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 imeuweka ubora wa vyakula vya mifugo chini ya usimamizi wa serikali. Lugha ya maelezo yanayoambatana na bidhaa ni sehemu ya ubora huo, ingawa mijadala ya wataalamu wa lishe huigusa kwa nadra na ile ya wataalamu wa Kiswahili kwa nadra zaidi. Kwa pakiti ya vitamini E na seleniamu inayouzwa katika duka la Mwanhuzi, maelezo yanayotimiza lengo lake yangekuwa ya aina hii: Dawa hii hufanya kazi ndani ya mwili wa kuku. Haihifadhi chakula kilicho guniani. Haiondoi sumukuvu, wala sumu ya mashudu ya pamba. Ukiitaka kwa ajili ya nyama itakayohifadhiwa kwenye ubaridi, toa kila siku kwa wiki nne kabla ya kuchinja. Kwa kuku wa kuliwa siku ya kuchinjwa haihitajiki. Usizidishe kipimo.

Hata katika maelezo hayo neno dawa lina utata wake, kwa kuwa vitamini si dawa kwa maana ya tiba. Limeachwa kwa sababu duka lenyewe linaitwa duka la dawa za mifugo, na mfugaji huingia humo akiuliza dawa. Kama kuna neno linalofaa zaidi katika Kisukuma, ambacho ndicho kinachosemwa zaidi baina ya wafugaji wa Meatu, ni jambo la kuchunguzwa kwa wasemaji wenyewe kabla ya lebo yoyote kuchapwa.